Wafungwa Saba, Mstari Mmoja

Siku ya kuniaga, vijana wa kituoni walinipikia pilau wakanipa saa ya ukutani, kana kwamba mstaafu ndiye mwenye haja ya kujua saa. Binti anayeshika chumba cha vidonda akasimama, akasema, "Mzee, tuachie maneno mawili matatu ya kazi." Nikamwambia nitaandika, kwa sababu kusema mbele ya watu kuliwahi kunishinda. Wakacheka wakidhani ni unyenyekevu. Haya nimeandika, nanyi mtaona haukuwa unyenyekevu. Habari za vyeo na mishahara nimeziruka, maana hazikumponya mtu.

Nilifika Nachingwea mwanzoni mwa miaka ya tisini, kiangazi, nikitokea kwetu Songea na cheti kipya na viatu vilivyonibana. Wakati huo tuliitwa waganga wasaidizi. Jina la tabibu lilikuja baadaye, kazi ikabaki ile ile. Nilipangiwa kituo cha afya ambacho sitakitaja, kwa kuwa yaliyoharibika pale niliyaharibu mimi, si jengo. Mkuu wa kituo alikuwa Mzee Likapa, Mmakonde mfupi aliyeongea taratibu hata mgonjwa anapotapika. Nilimpa cheti changu. Akakitazama mbele na nyuma, akanirudishia pamoja na ndoo na brashi.

"Anza na kitanda cha vidonda," akasema. "Ukishakisugua wewe mwenyewe, hutamlaza mtu juu ya uchafu."

Nilisugua kitanda wiki nzima. Nilimchukia kidogo, nikiri. Baadaye ndipo nilipogundua kwamba katika wiki ile nilikuwa nimejifunza harufu ya usaha mbichi na ya usaha unaokauka, jambo ambalo chuoni hawakunifundisha.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuungaunga. Kifaa cha kusikilizia kifua kilikatika mpira, tukauunga kwa mrija wa dripu, na mpaka nahama kiliendelea kusikia vizuri kuliko baadhi yetu. Mabomba ya sindano ya kioo tuliyachemsha kwenye jiko la mkaa. Maboksi ya dripu hatukuyatupa, kwani ndiyo yaliyokuwa mabanzi yetu ya kufungia mifupa iliyovunjika. Nyinyi mnaoagiza mabanzi yakaja na maelezo yake msicheke. Boksi la dripu likikatwa vizuri linamshika mtu mkono mpaka mwezi.

Na madaftari. Kila mgonjwa alikuja na daftari lake la shule, nasi tuliandika humo alichougua na alichopewa, akarudi nalo nyumbani. Nakumbuka daftari moja la familia ya Ruponda: ukurasa wa kwanza malaria ya baba, wa pili hesabu za kujumlisha za mtoto wa darasa la pili, wa tatu minyoo ya bibi, wa nne tena hesabu, zote zimekosewa. Nilizisahihisha kabla ya kuandika dawa. Mgonjwa alipotoka mlangoni, ushahidi wa kazi yetu ulitoka naye mkononi, na sisi tulibaki na rejista kubwa, yale madaftari ya takwimu ya wizara yaitwayo MTUHA, ambamo kila mgonjwa alistahili mstari wake: jina, kijiji, umri, ugonjwa, dawa.

Mahakamani nilikwenda mara ya kwanza kwa kesi ya mtu aliyekatwa panga begani kwenye ugomvi wa mpaka wa shamba. Mimi ndiye niliyejaza PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Nilivaa tai ya kuazima. Hakimu akaniuliza kina cha jeraha, nikaanza kumweleza safari ya mishipa ya damu kutoka moyoni. Aliweka kalamu mezani, akaningoja nifike mwisho, kisha akauliza, "Shahidi, kina?" Nikasema sentimita tatu. Watu wakacheka. Niliporudi, Mzee Likapa alinipa funzo: mahakamani jibu ulichoulizwa, na usiseme kisichoandikwa. Lilikuwa funzo jema, na alinipa kwa nia njema. Alistaafu mwaka uliofuata, kwa hiyo hakuona nilivyolitumia.

Sasa nije kwenye Jumanne.

Kila Jumanne asubuhi gereza moja la kilimo la upande wetu lilituletea wagonjwa wake. Walitembea kwa miguu, wakachuchumaa wawili wawili kwenye kivuli cha ukuta, na sajini aliyewaleta akaingia na kikaratasi: "Wagonjwa saba." Mfungwa hakuwa na daftari. Hakuwa na mfuko wa kulitia, wala pa kulihifadhi. Kilichobaki ni rejista yetu, na rejista zilikuwa chache. Kikijaa kitabu kabla ya wakati tuliandika kwenye karatasi za nyuma za kalenda. Hivyo nikabuni njia. Niliandika: "Magereza, wanaume 7. Malaria 4, vidonda 2, kuhara 1." Mstari mmoja. Jumla zililingana na dawa zilizotoka, na kazi ya saa nzima ikaisha kwa nusu saa. Mkaguzi alipokuja akanisifu kwa rejista safi. Nilifurahi siku mbili.

Jumanne moja, katika wale wa "vidonda 2", alikuwemo Issa Namtete, Mmwera wa Matambarale, kule Ruangwa. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, rika langu. Alifungwa kwa sababu ya moto: alichoma shamba apande ufuta, upepo ukageuka, mikorosho ya jirani ikateketea. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa kipande cha sare, umevimba hadi kiwiko.

Nikamuuliza ameumiaje. Sajini akajibu kutoka mlangoni, "Ameangukia jembe."

Nikafungua kitambaa. Mtu aliyeangukia jembe hukatwa. Huyu alikuwa na mstari mmoja ulionyooka juu ya kiganja, ngozi imepasuka, na chini yake mifupa miwili inacheza. Sajini alipotoka kuvuta sigara, Issa akasema chini chini, "Mpini, dokta. Nilisimama kunyoosha mgongo tu. Nina siku sita nao hivi."

Nilisafisha, nikamchoma sindano ya PPF, penisilini ya siku zile, nikamkatia banzi la boksi la dripu. Kisha nikaketi nikaandika mstari wangu. Huyu alikuwa mmoja wa vile vidonda viwili.

Alikuja Jumanne tisa. Katika Jumanne hizo tulizoeana, maana kidonda kikioshwa polepole lazima watu waongee. Aliposikia mimi ni Mngoni alicheka mpaka sajini akachungulia. Pale pale akanifanya mtani. "Babu zako walikuja kutuchukulia mbuzi," alikuwa akiniambia, ameuma meno kwa maumivu, "na wewe umekuja kumalizia ngozi." Mimi nilimwambia Wamwera wangekuwa hodari tusingewapata mbuzi. Alinieleza jinsi ya kupunguza matawi ya mkorosho, na kwamba mkewe, Somoe, alikuwa akipalilia peke yake. Alikuwa akinihesabia vidole vilivyobaki vikisogea. Wiki ya kwanza vinne. Wiki ya nne vitatu. Wiki ya saba kilisogea kidole gumba tu, na vingine viwili vimeanza kuwa vyeusi nchani.

Nilijua anachohitaji: hospitali kubwa, picha, mtu wa kufungua mkono ule atoe mfupa uliooza. Nilimwambia sajini kwa mdomo. Akasema gari ni bovu. Nikamwambia tena wiki iliyofuata. Akasema, "Andika barua, mganga."

Hapa ndipo pa kunisikiliza vizuri. Tulikuwa na desturi ya kutoandika barua ya rufaa mpaka gari liwe limesimama nje. Barua ina tarehe. Ikikaa wiki tatu bila mgonjwa kupelekwa, wa kwanza kuulizwa ni aliyeandika: ulijua, ukafanya nini? Kwa hiyo tulisema kwa mdomo, na mdomo hauna tarehe. Sote tulifanya hivyo na tuliona ni busara ya kazi. Nikamjibu sajini, "Gari likipona niambie." Jumanne ya kumi Issa hakuja. Nilipouliza nikaambiwa amehamishwa.

Nilisikitika, lakini siku ile ile nilikuwa na mama mwenye uchungu wa siku mbili, nikasahau. Nasema nilisahau ili mjue kwamba nilikuwa mtu wa kawaida.

Miaka ikapita. Nikahamishiwa upande wa Ruangwa, ambayo wakati huo ilikuwa imeshakuwa wilaya. Nilizunguka Chunyu na vijiji vingine kwa baiskeli, na baadaye kwa pikipiki iliyopenda kuzimika kwenye mchanga. Siku moja, miaka ya elfu mbili ilikuwa imeshaingia, akaja wakili kijana kutoka mjini, mmoja wa wale wanaowasaidia wasio na uwezo. Akaniambia Issa Namtete ameishitaki serikali kwa kupigwa akiwa mfungwa na kuachwa bila matibabu ya maana mpaka mkono ukafa. Vidole viwili vilikatwa baadaye, vilivyobaki vimekunjamana. Gereza linasema aliingia nao mkono ule, aliumizwa kijijini kwenye ugomvi wa pombe. Hakuna karatasi yoyote yenye jina lake.

"Anasema wewe unamjua," wakili akasema. "Anasema wewe ni mtani wake, hutamkana."

Nikamwambia nitasema ninachojua. Nilimaanisha. Nawaomba mniamini katika hilo, ingawa sina haki ya kuwaomba.

Kesi ilisikilizwa Mtwara, Mahakama Kuu. Mashahidi hukaa nje mpaka waitwe, nami nikakaa kwenye benchi nikiwa na tai yangu mwenyewe. Wakili wa serikali akapita na ile rejista yangu ya zamani kwapani. Akanisalimia kwa heshima. Akafungua ukurasa, akauliza kama mwandiko ni wangu. Nikasema ndiyo. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya sukari, "Na mgonjwa akizidiwa, barua za rufaa alikuwa anaandika nani? Wewe?" Nikasema ndiyo. Akashukuru, akaingia ndani.

Hakunitisha. Ningependa sana kuwaandikia kwamba nilitishwa, kwamba mtu alinijia na maneno makali au bahasha. Hakuna. Nilibaki kwenye benchi nikipiga hesabu: nikisema nilimtibu Jumanne tisa, nitaulizwa barua ya rufaa iko wapi. Nikisema haipo, nitaulizwa kwa nini. Nikajiona mimi ndiye ninayeshitakiwa. Nikaitwa.

Issa alikuwa ameketi mbele pamoja na kaka zake wawili waliokuja naye kutoka Matambarale. Aliponiona nikipanda kizimbani alitabasamu, tabasamu la mtu aliyemwona wa kwao ugenini. Nikala kiapo.

Wakili wake akauliza, "Tabibu, unamfahamu mdai?"

Nikasema, "Rejista inaonyesha tulipokea wafungwa saba tarehe hiyo."

"Nakuuliza kuhusu huyu."

"Majina hayakuandikwa."

Jaji akavua miwani. "Shahidi, hujaulizwa kilichoandikwa. Mtu huyu uliwahi kumtibu? Mtazame."

Nikamtazama. Aliinua ule mkono kidogo kutoka mapajani, ili anisaidie kukumbuka. Kovu lilikuwa pale pale, limenyooka vile vile. Hata alama ya ukingo wa banzi langu, ambapo nililikata vibaya likamchubua, ilionekana.

Nikasema, "Mheshimiwa Jaji, wafungwa walikuwa wengi. Siwezi kuthibitisha kwamba ni yeye."

Wakili wake akakaa. Wakili wa serikali akasema hana swali. Nilishuka kizimbani, na yote hayo hayakuchukua hata muda wa kufunga bendeji. Baadaye Issa alinipita kwenye korido. "Mtani..." akasema, akaishia hapo. Mimi niliinamia kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa.

Madai hayakuthibitika, ndivyo ilivyoandikwa kwenye hukumu. Sikuwa ushahidi wote wa kesi ile, lakini nilikuwa ule uliotegemewa.

Niliporudi kazini niliacha mstari wa Magereza. Kila mfungwa aliyeletwa, hata huku Ruangwa, akapata jina lake, na barua ya rufaa nikaandika gari liwepo lisiwepo, na mara mbili niliitwa kuulizwa kama tulivyokuwa tukiogopa. Nilijibu, nikarudi nyumbani, nikala ugali. Ndicho nilichokuwa nikikiogopa, maswali ya robo saa. Binti wa chumba cha vidonda alitaka maneno mawili matatu ya kazi: ni hayo. Lakini msidhani rejista ndiyo iliyomkana Issa. Rejista haikuwa na jina, mimi nilikuwa nalo.

Ilinichukua miaka minne kwenda Matambarale. Kulikuwa na kampeni ya chanjo, tukagawana vijiji, nikaomba kile. Tulipomaliza watoto nikaulizia nyumba.

Nilimkuta uani akipiga mabua ya ufuta kwa fimbo, mkono wa kushoto. Somoe alikuwa ameketi kwenye mkeka akipepeta. Issa aliniona, akaendelea kupiga fimbo mara mbili tatu, kisha akaleta kigoda.

"Karibu, Mngoni," akasema. "Safari hii mbuzi hatuna."

Nilishindwa kucheka. Nikamwambia nimekuja kumwambia kwamba ninamkumbuka, kwamba nilimkumbuka hata siku ile, kwamba nilimtibu Jumanne zote tisa.

"Mimi najua ulinitibu," akasema. "Nilikuwepo."

Akamwelekezea mkewe kidevu. "Mwambie huyu. Kaka zangu walirudi na habari kwamba hata dokta kanikana. Kijiji kizima kikasema basi ni mambo ya pombe. Na huyu toka hapo ananiuliza, mkono huu niliuvunja wapi, na nani, kwa ajili ya mwanamke gani. Miaka hiyo yote. Mimi sikutaka sana ile fidia, mtani. Nilitaka uamuzi nije kumwonyesha."

Basi nikamwambia Somoe. Nilimweleza kitambaa cha sare, alama ya mpini, mifupa miwili, sindano, banzi, vidole vilivyosogea wiki hii na visivyosogea wiki ile. Nilimweleza nilivyosema na sajini na barua ambayo sikuiandika. Kiswahili changu kilipomzidi, Issa alikigeuza kwa Kimwera, akijitolea mwenyewe ushahidi wake, bila kuongeza neno. Najua hakuongeza, kwa sababu kila mara alimaliza upesi kuliko mimi. Somoe hakuacha kupepeta. Alipepeta mpaka ungo ukabaki ufuta mtupu, akaumimina kwenye ndoo, akauweka ungo chini.

"Una hakika ni huyu huyu?"

"Ni huyu, mama."

Akamgeukia mumewe, akamwambia kitu kirefu kwa Kimwera, sauti ikimkatika katikati. Issa hakunitafsiria. Alitazama pembeni, akajifuta uso kwa ule mkono mbovu. Mimi nilitaka kuondoka, lakini mtu akikaribishwa kigoda haondoki hivi hivi.

Kisha Somoe akanigeukia.

"Sasa kule Mtwara, dakitari, maneno yote haya ulishindwa nini?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikuwa na rejista, uchache wa vitabu, desturi ya rufaa, hata funzo la Mzee Likapa. Nilikuwa nimeyapanga miaka minne.

"Niliogopa, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei aliyoitegemea.

"Hata huyu aliogopa," akasema. "Asubuhi ya safari uji wote aliutapika hapo ulipokaa. Akafuta mdomo, akaenda."